Muulizeni Mwenye Ngoma: Mhadhara kwa Wanaowaandikia Wasanii Maombi ya Ruzuku



Waandaaji wameniomba niseme namna ya kuwasaidia wasanii kuandika maombi ya ruzuku yenye nguvu. Msanii mwenyewe, kwa maoni yangu, amefundishwa vya kutosha. Amekaa semina za siku tatu hotelini, amechora jedwali la malengo na matokeo, amepewa cheti na begi la kitambaa, kisha amerudi kwake. Tangazo jingine likitoka, anatafuta mtu wa kumwandikia. Leo nataka kusema na huyo anayetafutwa. Maombi mengi ya sanaa niliyopata kuyasoma yameandikwa na mtu wa pili: mtoto wa kaka aliyemaliza chuo, mwalimu wa sekondari, ofisa utamaduni, rafiki mwenye asasi, na siku hizi programu ya akili mnemba iliyomo ndani ya simu. Mengi yameharibikia hapo, kwa sababu moja tu: aliyeandika hakumuuliza mwenye kazi.

Tuchukue mfano. Kikundi nitakachokitaja nimekitunga mwenyewe, ila ngoma yake ni ya kweli. Wagogo wa Dodoma wana ngoma iitwayo muheme, na wapigaji wake ni wanawake. Mpigaji huibana ngoma katikati ya mapaja, akaipiga huku akicheza nayo. Tuseme kuna akina mama kumi na wawili katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino. Ngoma zao zimechakaa, wasichana wa kijiji hawajui kupiga, na wamesikia habari za mfuko unaotoa ruzuku ndogo kwa sanaa za asili. Kiongozi wao, mama wa miaka sitini na kitu, anampigia simu mtoto wa kaka yake aliyeko Dodoma mjini. Kijana anajibu, "Shikamoo shangazi. Wala usihangaike, niachie mimi." Usiku uleule anaandika hivi:

"Mradi huu unalenga kuwawezesha wanawake na vijana wa kike kupitia sanaa za asili ili kuchochea maendeleo endelevu, kudumisha urithi wa utamaduni na kupunguza umaskini katika jamii zilizo pembezoni."

Sentensi hii haina kosa la sarufi, wala haina uongo. Kasoro yake ni kwamba ukiondoa "sanaa za asili" na "urithi wa utamaduni" ukaweka habari za ufugaji wa kuku, inasimama vilevile. Msomaji wa mfuko ana maombi mengine sitini na siku chache za kuyapa alama, na sentensi ya namna hii ameshaisoma mara nyingi wiki hiyohiyo. Hatakasirika. Ataipa alama ya katikati na kwenda kwa mwombaji anayefuata, na katika mashindano haya alama ya katikati maana yake ni kukosa.

Sasa kijana yuleyule tumpe kazi nyingine. Aifunge kompyuta, apande basi hadi kijijini, akae na shangazi yake alasiri nzima, simu ikirekodi, naye aulize tu.

"Shangazi, ngoma mnazo ngapi?"

"Zilikuwa kumi na mbili. Zinazolia ni nne. Nyingine zimepasuka, mbili zimeliwa na mchwa."

"Mbona hamkutengeneza?"

"Fundi alikuwa babu yako mdogo, marehemu. Amebaki kijana wake, naye siku hizi anachonga vinu na mitwango, ndiyo inayouzika."

"Na hawa wasichana, mila wameshaziacha?"

"Nani kakwambia wameziacha? Kila jioni wanakuja kututazama. Ngoma nne hizo tunapiga wenyewe harusini na siku za kupokea wageni wa serikali. Wao washike nini?"

Majibu matatu, na ombi zima limeshapatikana. Angalieni hasa lile la mwisho. Kijana alikwenda na wazo analokwenda nalo kila mtu, kwamba vijana wameitupa mila na inabidi warudishwe. Shangazi akamwambia tatizo si mioyo ya wasichana, ni vyombo. Hilo jambo halimo katika ripoti yoyote, na hakuna programu ya simu itakayolibuni. Lilikuwa kwa mama mmoja wa Chamwino, na lingebaki kwake kama asingeulizwa. Sasa ufunguzi wa ombi unaweza kuwa hivi:

"Kikundi chetu kina wapigaji kumi na wawili na ngoma nne zinazolia. Wasichana wanaotaka kujifunza muheme wapo, ila hawana cha kushika. Tunaomba fedha za kumlipa fundi pekee aliyebaki kijijini atuchongee ngoma nane, na za kuwafundisha wasichana ishirini, kwa zamu, muda wa miezi sita katika uwanja wa shule ya msingi. Mwishoni watapiga wenyewe mbele ya kijiji."

Hapa kuna hali ilivyo, kuna sababu yake, kuna kazi itakayofanywa, kuna watu, mahali na muda. Msomaji aliyeko Nairobi au Paris, ambaye hajapata kuisikia muheme, anaweza kuiona kazi. Akitaka kubisha, ana kitu cha kubishia: kwa nini wasichana ishirini na si kumi? Fundi akiugua itakuwaje? Ombi linaloweza kuulizwa maswali ya namna hiyo ndilo linalojadiliwa mezani. Lile la kwanza hakuna hata wa kulibishia.

Wasaidizi huniuliza waulize maswali gani. Sina orodha, na orodha zenyewe huzaa majibu ya orodha. Lakini yako mawili siyaachi. La kwanza: mara ya mwisho mlifanya nini, na nani walikuja? Msanii akijibu hilo kwa kutaja mwezi, mahali na watu, umeshapata ushahidi wa uzoefu wake, na huna haja ya kuandika kwamba kikundi "kina uzoefu mkubwa". La pili ni gumu zaidi: hizi fedha zikikosekana, mtafanya nini? Anayesema "basi, tutaacha" mara nyingi anaomba kwa kuwa tangazo limetoka. Anayesema "tutachangishana tuchonge mbili mwaka huu, mbili mwakani" ana kazi tayari, na ruzuku inamwongezea kasi. Jibu hilo liandikwe kama lilivyotoka mdomoni mwake.

Rasimu ya kwanza iwe katika lugha wanayoongea wenye kazi. Ikikamilika, isomwe kwa sauti mbele ya kikundi kizima kabla haijatafsiriwa kwenda Kiingereza au Kifaransa. Watu wajitambue humo. Nasema hivi kwa sababu ya kiutendaji kabisa. Wakiingia hatua ya mchujo, mfuko utapiga simu, na atakayejibu ni mama yule, si kijana wa mjini. Atakayetia saini mkataba ni yeye. Atakayeulizwa baada ya mwaka wako wapi wale wasichana "mia mbili" walioahidiwa ni yeye, na pengine kumbe idadi hiyo iliongezwa usiku na mwandishi aliyeona ishirini ni wachache. Kumwandikia mtu ahadi asiyoijua ni kumuuza.

Programu za akili mnemba sizikatazi. Ipe programu yale majibu ya shangazi ikusaidie kuyapanga na kuyatafsiri, kisha uyasahihishe. Ukiiambia "niandikie ombi la ruzuku la kikundi cha ngoma", itakurudishia ile sentensi ya kuku.

Kwenye bajeti nitakaa kidogo, maana wasomaji wengi huanzia huko. Maelezo yanaweza kupambwa, bali hesabu husema kama mtu amewahi kuifanya kazi anayoiombea. Bajeti ya msanii wetu huharibika kwa namna mbili zinazopingana: ama anajaza hadi kikomo cha mfuko kwa kuwa fedha ipo, ama anajisahau mwenyewe. Ya pili imeenea kuliko watu wanavyodhani. Kuna mstari wa mbao, wa ngozi, wa nauli, wa spika za kukodi, lakini malipo ya mpigaji na mwalimu hayamo, kana kwamba msanii ndiye mtu pekee katika mradi mzima asiyekula.

Tuhesabu pamoja, kwa shilingi. Ngoma nane kwa 180,000 kila moja ni 1,440,000. Walimu wawili, vipindi 24, kila mwalimu 20,000 kwa kipindi, ni 960,000. Chai na kitafunwa kwa wasichana 20 katika vipindi hivyo, kwa 1,500 kila mmoja, ni 720,000. Mpiga picha na mrekodi wa sauti, 600,000. Onyesho la mwisho, pamoja na turubai, chakula cha wageni na usafiri, 800,000. Mratibu, yaani mtu wa kutunza daftari, kupiga simu na kuandika ripoti, 150,000 kwa mwezi kwa miezi sita, ni 900,000. Jumla ni 5,420,000. Ongeza asilimia tano ya dharura na makato ya benki, 271,000, utapata 5,691,000. Namba hii haivutii macho, nami naipenda kwa sababu hiyo. Ombi la milioni sita kamili humfanya mkaguzi ajiulize kama lilianza na jumla kisha likatafutiwa vipengele.

Kila tarakimu iwe na mahali ilikotoka. Fundi atoe ankara kifani yenye jina lake na namba ya simu, hata kama ameiandika kwa mkono. Mstari uitwao "mengineyo" uondoeni. Kama mfuko unataka dola au euro, badilisheni mwishoni, mkaandika kiwango mlichotumia na tarehe yake. Ulizeni mapema mfuko unalipaje, maana wako wanaotoa sehemu kwanza na kushikilia iliyobaki hadi ripoti iingie, na kikundi kisichojua hilo hujikuta kinakopa ili kumaliza onyesho. Ulizeni pia habari za risiti. Fundi wa kijijini hana mashine ya risiti za kielektroniki, kwa hiyo kubalianeni na mfuko kwa maandishi, kabla ya kusaini, kwamba hati ya malipo yenye saini yake itakubalika. Nimeona kazi nzuri kabisa zikiishia kwenye ugomvi wa karatasi kwa sababu hakuna aliyelitaja jambo hili siku ya kwanza.

Mchango wa kikundi nao una thamani na uonekane. Ngoma nne zilizopo, uwanja wa shule uliotolewa bure, barua ya mwalimu mkuu, siku ambazo akina mama watafagia na kupika: hivyo vyote vina bei. Akina mama wetu huona haya kuyataja. Msaidizi ayataje.

Lipo jambo ambalo kwa utaratibu lingetangulia, nami nimelileta hapa kwa kuwa halihitaji maneno mengi: someni masharti ya mfuko kabla hamjaandika neno. Mifuko haifanani. Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Utamaduni wa UNESCO, uliotokana na Mkataba wa 2005, hutoa hadi dola 100,000, lakini kwa taasisi za umma na asasi zisizo za kiserikali, kwa miradi ya mwaka mmoja hadi miwili, na maombi yake ni kwa Kiingereza au Kifaransa. Msanii binafsi hana nafasi hapo, awe hodari vipi. Prince Claus Fund ya Uholanzi, iliyoanza mwaka 1996, ina tuzo za euro 5,000 ambazo huenda kwa msanii mmoja mmoja anayeanza safari yake. Docubox ya Nairobi ilianzishwa kwa ajili ya filamu za hali halisi za Afrika Mashariki, usiipelekee tamthilia ya jukwaani. HEVA Fund, nayo ya Nairobi tangu 2013, huitazama sanaa kama biashara, na hukaa vizuri na mshonaji wa mavazi au mtengenezaji wa muziki mwenye hesabu za mauzo. Mfuko wetu wa Utamaduni na Sanaa hapa Tanzania hutoa mikopo kupitia benki, na mkopo hurudishwa. Mama wa muheme asipelekwe huko kwa kuwa tangazo lina neno "sanaa". Ngoma za mafunzo haziingizi marejesho ya kila mwezi.

Yako na makaratasi ya nyumbani. Katiba ya kikundi, usajili wa Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya 1984, namba ya mlipakodi, akaunti ya benki kwa jina la kikundi na si la mwenyekiti. Vyote hivi huchukua wiki kadhaa, na tangazo hukupa mwezi mmoja. Msaidizi mwenye busara huvitafuta wakati hakuna tangazo lolote.

Halafu kuna kazi yenyewe, ambayo cha ajabu ndiyo hupewa nafasi ya mwisho. Nimewahi kufungua maombi ya kikundi cha muziki nikakuta kurasa kumi na mbili za maelezo na picha moja ya wanakikundi wakiwa wamesimama na mkuu wa wilaya. Nilijua wamekutana na mkuu wa wilaya. Walipigaje, sikujua. Rekodi ya dakika mbili, simu imelazwa, imekaa karibu na ngoma, bila maneno yanayozunguka wala muziki wa kubandika, itafanya zaidi ya kurasa hizo kumi na mbili. Kiungo kifunguke bila nywila. Chini ya kila picha yaandikwe majina ya waliopo, mahali na mwaka. Mchoraji naye asilete kazi arobaini, alete nane zinazoongea pamoja. Kuchagua nane humuumiza msanii, na hapo ndipo msaidizi anapofaa kwelikweli: kukaa naye na kumuuliza, hii kwa nini, na hii kwa nini.

Fomu karibu zote zina swali la uendelevu: fedha zikiisha, mradi utaendeleaje? Hapa hata waandishi wazuri huanza kupaa. Ahadi zao hujaa vyuo, vituo vya utalii na studio. Tukumbuke tunaishi wapi. Sauti za Busara, tamasha lililoanza Zanzibar mwaka 2004 na kujulikana dunia nzima, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, likarudi 2017. Chuo cha muziki cha Dhow Countries, kilichofungua milango Zanzibar mwaka 2002 na kulea wapigaji wengi wa taarabu, mwaka 2019 kilitangaza kwamba kiko ukingoni mwa kufungwa baada ya wafadhili wake kupungua. Hizi ni taasisi zenye ofisi, wahasibu na majina. Msomaji anayajua haya. Kikundi cha kijijini kikimwambia kwamba baada ya miezi sita kitajitegemea moja kwa moja, ataona ama hakijui, ama kinampa anachotaka kusikia.

Jibu dogo la kweli lina uzito zaidi. Ngoma nane zitakuwapo, na ngoma ikitunzwa vizuri hudumu miaka. Kikundi chenye ngoma kumi na mbili kinaweza kupokea harusi mbili siku moja, na fungu dogo la kila malipo litawekwa kwa ajili ya ngozi. Fundi atakuwa amechonga nane mfululizo, mkono wake umerudi, na vikundi vya vijiji vya jirani vitajua anapatikana. Basi. Hakuna kituo cha utalii hapo, na kila neno linaweza kukaguliwa.

Mkikosa, andikeni barua fupi ya shukrani na kuomba maoni. Mifuko mingine hujibu, mingine hainyanyui hata simu. Lakini rasimu, rekodi ya yale mazungumzo, bajeti na makaratasi vitunzwe mahali pamoja, maana ombi la pili halianzi patupu. Na msaidizi asijitoe baada ya kukosa. Msanii akiachwa na barua ya "tunasikitika" peke yake huona ameambiwa ngoma yake haifai, wakati pengine fungu la mwaka huo lilitosha waombaji kumi tu kati ya mia tatu.

Maofisa utamaduni mlio humu ukumbini, nawaomba kitu kimoja: kila mwezi tengeni siku ya kuwapokea wasanii wa wilaya yenu, kuwasikiliza na kuandika wanayosema, liwepo tangazo au lisiwepo. Hilo halihitaji bajeti. Vijana, msipokee malipo ya asilimia ya ruzuku. Wekeni bei ya kazi yenu mapema na ilipwe kama kazi, la sivyo mtavutwa kupandisha hesabu.

Nanyi wafadhili mlioketi mstari wa mbele, mlio na kalamu za kuandika masharti: kwa ruzuku ya milioni tano msidai kurasa ishirini na hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Tangazeni miezi mitatu kabla ya tarehe ya mwisho, si wiki tatu. Semeni wazi mnalipa kwa awamu ngapi. Mnapomkataa mtu, mwambieni sababu japo kwa mistari miwili. Pokeeni maombi kwa Kiswahili, yakiwa yameandikwa au yamerekodiwa kwa sauti, na gharama ya mtafsiri muibebe ninyi.